Malalamiko Kuhusu Boila Jipya Linalosemesha Watu

Nyumba Na. 9, Mtaa wa Machimbo,
Blaenau Ffestiniog.

Kwa Fundi Gethin Pritchard,

YAH: KUNIRUDISHIA BOILA LANGU LA ZAMANI

Ndugu Fundi,

Leo sikuandikii kama shangazi yako. Shangazi yako angeuliza kwanza kama mtoto ameota meno, na kama bado unatembea kichwa wazi kwenye mvua. Nakuandikia kama mteja mwenye malalamiko, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

Mwezi uliopita ulikuja hapa, ukaligonga boila la marehemu bibi yako kwa spana, ukacheka. "Shangazi, hili ni la makumbusho," ulisema. "Nikufungie la kombi. Halina tangi. Ukifungua bomba tu, linachemsha maji papo hapo." Nilikubali, maana siwezi kukukatalia kitu ukiwa na biskuti mdomoni. Ukang'oa tangi la maji ya moto ukaondoka nalo. Hukuniuliza tangi lile lilikuwa na kazi gani nyingine.

Unajua fika kwamba mimi na baba yako mdogo Idwal tunaishi nyumba moja na hatusemeshani. Ni tangu siku tuliyomzika bibi yako. Pale kwenye chai ya msiba aliuma mkate wangu wa zabibu, mbele ya akina mama wote wa kanisa, akasema, "Huu mkavu. Wa mama haukuwa hivi." Mkate ule niliuoka huku nalia. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Sasa malalamiko yenyewe:

1. Kabati. Tangi lilikaa ndani ya kabati la ghorofani, na kabati likawa na joto mchana na usiku. Kwa mji huu usiojua siku bila mvua, humo ndimo nguo zetu zilimokaukia. Soksi za Idwal nilizikunja nikamwekea humo, kwa sababu huwezi kumnyima ndugu yako soksi kavu kwa ajili ya mkate. Yeye akishamaliza kusoma gazeti aliniachia humo humo, nami nikalikuta lina joto. Hakuna aliyelazimika kufungua mdomo. Sasa kabati limepoa kama kanisa siku ya Jumatatu, na soksi inabidi nimpe mkononi. Mtu ukimpa soksi mkononi anakwambia asante. Nimeshaambiwa asante mara kadhaa, na sikuipenda hata moja.

2. Maji ya moto hayaishi. Zamani Idwal akiimba bafuni, tangi lilimkatiza kwenye ubeti wa pili. Siku hizi anaimba wimbo mzima, anarudia kiitikio, kisha anaanza mwingine. Nyimbo hizo tumeziimba pamoja tangu utotoni, yeye sauti yake na mimi yangu. Umewahi kumenya viazi huku unasikia wimbo ambao nusu yake ni yako? Niliitikia. Kidogo tu, na kwa bahati mbaya.

3. Hili ndilo kubwa. Nikifungua bomba la jikoni, maji ya moto yote yanakuja kwangu, na yeye huko juu anamwagikiwa na maji ya barafu. Hukunieleza! Siku ya pili tu baada ya wewe kuondoka, nilikuwa nasuuza sufuria nikasikia, "Glenys! Unaniua!" Nikajibu, "Kufa basi!" Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu mazishi, na wewe ndiye uliyeyasababisha.

4. Kutokana na hilo la 3, kila asubuhi anasimama juu ya ngazi na kutangaza, "Dada, naingia kuoga. Vyombo viache kwanza." Nami sina budi kujibu. Mwanzoni nilisema "Haya" na kuishia hapo. Baadaye nikajikuta nasema, "Haya, ila usikawie." Alhamisi akauliza kama mvua imeanza, na dirisha analo. Jana ameniuliza kama magoti bado yananisumbua! Unaona mambo yanakoelekea? Tukienda hivi, wiki ijayo tutakula meza moja.

Mimi sitaki kusemeshwa juu ya mvua na magoti na mtu ambaye hajanisemesha juu ya mkate. Yeye ndiye aliyekosa, na aliyekosa ndiye wa kuanza.

Kwa hiyo naomba tangi lirudishwe. Kama umeshaliuza chuma chakavu, nifungie boila la pili, kila mtu na lake. Hilo nalo likishindikana, jenga ukuta katikati ya nyumba kuanzia jikoni hadi paani, na paka apewe mlango wake. Nisiposikilizwa nitaliandikia Bunge kule Cardiff litunge sheria kwamba fundi yeyote, kabla ya kufunga boila la kombi, aulize kwanza kama wenye nyumba wamenuniana.

Nisalimie mkeo Lowri, mtoto, majirani zenu wote, na hata yule mbwa aliyetafuna ndara yangu.

Mimi mteja wako mwenye uchungu,
Glenys Pritchard (Bi.)

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, na bomba la jikoni lilikuwa wazi, sijui nani aliliacha wazi. Idwal akashuka ngazi mbio, taulo kiunoni, povu kichwani. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akasimama mlangoni anatetemeka, akasema, "Dada, siwezi kuganda hivi kila siku kwa ajili ya mkate. Haukuwa mkavu. Siku ile kila kitu kilikuwa kinanikwama kooni."

Nilifunga bomba. Nikamwambia, "Nenda kasuuze kichwa, mjinga wewe, utapata homa."

Zabibu za mkate nimeshaziloweka kwenye chai. Njooni Jumapili wote watatu. Spana iache nyumbani, na hilo boila usiliguse. Lete siagi, maana baba yako mdogo anasema mkate haukuwa mkavu, lakini namjua, atapaka kama anaziba ufa.