Ombi la Kuziba Madirisha ya Jengo Jipya

Kwa Bwana Ng'ang'a,
Mkurugenzi na Mwenye Shule,
Pipeline.

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Eve Aoko, karani wako, yule wa meza iliyo nyuma ya tangi la maji. Naandika kwa hofu, nikijua kazi ni yako na unaweza kumpa mwingine. Nimeona mchoro wa jengo jipya. Kila darasa lina madirisha manne. Nakusihi yazibwe kabla msingi haujachimbwa, kwa sababu hizi:

1. Tumezoea. Tangu ploti ya jirani ipande hadi ghorofa ya nane, mwanga wetu hupitia upenyo mmoja, na hapo ndipo zilipo kamba za nguo za Mama Mukami, mpangaji wa ploti hiyo. Akianika soksi, tunafundisha hesabu. Akianika mablanketi, watoto wanaimba, maana kuimba hakuhitaji macho. Kila asubuhi huniita kwa adabu kutoka dirishani kwake: "Karani, leo mnasoma ama mnaimba, nijue nianike nini?" Madirisha yakija, nani atatupangia ratiba?

2. Mwalimu Owiti anaheshimiwa sana gizani. Kukiwa na mwanga, watoto wataona kwamba ramani ya Kenya imetundikwa kichwa chini, na kwamba Ziwa Victoria halijawahi kuwa mashariki.

3. Mkaguzi aliandika kwamba gredi ya nne ina nafasi ya kutosha. Aliandika hivyo kwa sababu waliokaa nyuma hakuwaona.

4. Hili ndilo linaninyima usingizi. Leyla, binti ya Hirad muuza vitambaa, ameandikiwa kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa, arudie gredi ya nne. Utatia sahihi Ijumaa. Lakini wiki jana Mama Mukami alisafiri kwenda matangani, kamba zikabaki tupu. Leyla akasimama kule nyuma, akasoma ubao wote, kisha akasema: "Kumbe huwa kuna maneno, ticha! Mimi nilidhani unagonga chaki ndio tuamke."

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Madirisha manne yataponya wazito wangapi? Wazazi watauliza nini? Ni rahisi zaidi mtoto kurudia darasa kuliko ukuta kurudiwa.

5. Sheria ikidai madirisha, yachorwe ukutani kwa rangi ya buluu. Lile kubwa la ofisi yako libaki, kwa kuwa kutia sahihi kunahitaji mwanga.

Nisalimie Mama Mirriam na wote nyumbani, na msanifu wa jengo pia, asivunjike moyo.

Wako mtiifu, mwenye wasiwasi,
Eve Aoko.

Baada ya sahihi: Samahani kwa mwandiko uliopinda. Ofisini sioni karatasi, kwa hiyo nimeandikia juu ya paa. Leyla amenishikia barua isipeperuke, akaisoma yote, akanisahihishia maneno mawili, kisha akaniomba nimtafutie dawati la karibu na dirisha. Ripoti yake nimeiambatisha. Tafadhali, kabla ya kuitia sahihi, toka nayo nje.