Saa Niliyomsogezea Moïse

Jumatano, 1 Oktoba
Mwalimu wa kwaya yetu amehamia Brisbane. Nafasi iko wazi. Ni yangu! Sauti ninayo, suti ninayo, na kule Meru niliongoza kwaya ya vijana muhula mzima kabla hawajaniomba nipumzike. Tatizo ni Moïse, Mkongo wa mtaa wa Villawood, mfanyakazi wa ghala huko Smithfield. Akipandisha sauti akina mama wanalia. Nikipandisha mimi wanakohoa.

Mchungaji Kalume ametangaza kwamba Jumapili saa nne asubuhi kila mmoja wetu ataongoza wimbo, kisha waumini wanyooshe mikono. Kabla ya hapo kwaya yote itafunga: simu kuanzia Ijumaa jioni, chakula na maji kuanzia Jumamosi jioni. Akamalizia kwamba tusisahau, usiku wa kuamkia Jumapili saa zinabadilika. Wote wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa. Zinabadilika kuwa nini? Nilifika Sydney mwezi wa Mei, sijawahi kuona saa ikibadilika. Kuuliza mbele ya Moïse siwezi.

Alhamisi, 2 Oktoba
Nimempigia binamu yangu Kendi. Ni nesi, yuko Leeds, Uingereza, mwaka wa sita sasa, mambo ya Wazungu anayajua. Kasema mwezi wa kumi saa zinarudishwa nyuma, na mtu anapata saa nzima ya ziada ya kulala. Nikakata simu haraka. Wazo lilikuwa limeshaingia.

Ijumaa, 3 Oktoba
Mama Clarisse, mke wa mchungaji, amekusanya simu zetu kwenye sufuria kubwa ya kanisa. Moïse akasitasita kutoa yake. Anaishi peke yake, simu ndiyo humwamsha, na nyumbani hana saa nyingine. Haki ya nani, mambo yamejipanga yenyewe! Nikasema ninayo saa ya mezani yenye kengele, nitamwazima, na nitamwekea mwenyewe hayo mabadiliko. Akanikumbatia.

Mpango ni huu. Watu wote watarudisha saa nyuma, ya Moïse itakwenda mbele. Atafika mapema mno, akute mlango umefungwa, asimame nje koo limekauka, bila simu ya kumwita mtu. Tukija kufungua, sauti imekwisha. Mimi nitakuwa nimelala na kushiba usingizi. Wala si dhambi. Kuwahi kanisani ni jambo jema.

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimempelekea saa mchana. Nikaisogeza mbele palepale mbele ya macho yake. Hakushtuka hata kidogo, akatikisa kichwa tu. Maskini! Alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwao Kongo, na samaki, akanipakulia. Dhamiri ikaanza kunisumbua. Nikala sahani ya pili, ikatulia.

Jioni nimerudisha nyuma saa ya jikoni na ya mkononi. Njeri, tunayeishi naye hapa Quakers Hill, yuko kazini hospitali hadi kesho. Hakuna wa kunikatiza usingizi.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimeamka bila haraka. Nikaoga, nikavaa suti. Kituoni, saa ya reli ilikuwa mbele ya yangu kwa saa mbili. Nikamweleza mfanyakazi wa kituo kwa upole kwamba wameisogeza upande usiofaa. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia sana.

Kwa saa yangu nilifika kanisani nusu saa kabla ya ibada. Magari yamejaa! Nikafurahi, nikajua wamewahi kuja kunisikiliza. Nikafungua mlango. Harufu ya pilau. Watu wote wanakula, na Moïse yuko katikati, mdomo umejaa.

Mchungaji akanieleza kwamba walinisubiri nyimbo tatu na matangazo yote, wakaniombea usalama njiani. Kisha Moïse akaongoza peke yake. Mikono yote ilinyooka. Nilikuwa bado nimesimama pale na begi langu Moïse aliponyamazisha ukumbi.

"Aksanti sana, ndugu Mugambi. Bila saa yako mimi ningelala tu, na leo wangekuchagua wewe."

Wakapiga makofi. Mama Clarisse akafuta machozi, akasema nimepoteza nafasi kwa ajili ya upendo. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilikuwa na wivu, nilikuwa na aibu, na nilitaka kulia. Nikaomba pilau.

Jumatatu, 6 Oktoba
Njeri amecheka mpaka amekaa chini. Kasema Leeds wanaingia majira ya baridi, sisi huku tunaingia majira ya joto, kwa hiyo mwezi huu saa zetu zinasogezwa mbele, jioni ipate mwanga mrefu. Nikamwambia hilo nililijua. Akaendelea kwamba Aprili zinarudishwa nyuma. Hapo nikamkatiza. Habari za kurudi nyuma zimeniponza mara moja, sidanganywi tena. Nimejionea kwa macho yangu, Australia saa zinakwenda mbele.

Mchana Moïse amepiga simu. Jambo lake la kwanza kama mwalimu wa kwaya ni kuniteua mtunza saa. Aprili nitapita nyumba kwa nyumba, niweke saa za waumini wote kwa mkono wangu. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Za waumini wote nitazisogeza mbele. Ya Moïse peke yake nitairudisha nyuma.