Nukuu Zangu na Kuku wa Mchungaji

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamua. Mimi, Dkt. Mbaluka, mtafiti pekee wa kinga ya kuku dhidi ya magonjwa katika kampasi yetu hapa Matiliku (ukimtoa Dkt. Kathini, na mimi humtoa), sitastaafu nikiwa mhadhiri wa kawaida. Jumatano ya wiki ijayo nakaa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Nafasi ya mhadhiri mwandamizi ni moja. Kamati hutaka kujua watafiti wengine wamekunukuu mara ngapi. Kathini ana mia tatu na ushee. Mimi kumi na moja, nyingi nimejinukuu mwenyewe. Zilizobaki ni za shemeji yangu Muli, na yeye ni mtafiti wa udongo.

Haidhuru. Wiki bado mbichi!

Jumanne, 11 Machi
Nimewaagiza wanafunzi wangu wote waninukuu. Mmoja anayechunguza mafuta ya alizeti akauliza kuku wangu wataingia wapi humo. Nikamwambia mwanasayansi wa kweli hutafuta mahali. Wakaenda kumwuliza Kathini, naye akawaambia wanukuu walichosoma tu. Roho mbaya ilioje!

Alhamisi, 13 Machi
Ajabu! Nimefungua kompyuta nikakuta nukuu zaidi ya sitini! Zote za makala yangu ya mwaka juzi, ile ya maji ya mwarobaini na kinga ya kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri. Brazili, India, mpaka Uholanzi wananitaja. Sikusoma wanasemaje, sina muda huo. Watu hawawezi kukutaja hivyo wakiwa na neno baya.

Wavinya, mke wangu, naye aliuliza wanasemaje. Nikamjibu mazuri. Jumapili tunafanya ibada ya shukrani. Mbuzi achinjwe. Kathini aalikwe, akae kiti cha mbele kabisa.

Jumapili, 16 Machi
Kanisa lilijaa. Nikatoa ushuhuda wangu, makofi yakalia. Ningeketi hapo mambo yangeisha vizuri. Lakini Mchungaji Kimeu akasimama, akataka washirika wasikie wenyewe dunia inasema nini juu ya mtoto wao. Akamwomba Kathini asome kwenye simu yake na kututafsiria. Kathini akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina hakika. Nikamwambia apaze sauti.

Akapaza. Wa Brazili anasema makala ya Mbaluka haithibitishi chochote, kwa maana kuku wa kulinganishia, wale ambao hawakupewa mwarobaini, walitoweka katikati ya utafiti bila maelezo. Wa Uholanzi anawapa wanafunzi wake waisome ili wajue cha kuepuka.

Mchungaji akakuna kichwa.

"Ngoja kwanza, Daktari. Si hao ndio wale mlikuwa mnanichinjia nikija maombi hapo kwenu?"

Wavinya akasema ndio hao. Mchungaji akasema aki walikuwa watamu. Kanisa zima likaitikia amina.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini hebu niambieni, ningefanya nini? Mchungaji aje kwako Ukambani umpe sukuma wiki? Kuku wa mwarobaini walikuwa mali ya sayansi. Wale wengine walikuwa wanakaa tu. Mbuzi, hata hivyo, aliliwa mpaka mfupa.

Jumatano, 19 Machi
Kamati. Mwenyekiti, Profesa Gicheru, ametoka Nairobi na hacheki. Nikamweleza kuwa ushawishi ni ushawishi: kuna maabara Uholanzi sasa zinafunga mabanda kwa kufuli kwa sababu yangu. Akavua miwani. Akasema cheo ni cha Kathini, na mimi nirudie utafiti huo upya, safari hii kuku wote wafike mwisho. Wakifika, nafasi ikipatikana atanikumbuka.

Niseme ukweli, iliniuma. Nilitoka nikakaa nje kwenye benchi. Kathini akanifuata. Badala ya kunicheka, akasema ana kuku wa kienyeji waliokua vizuri, nichukue nianze mara moja. Nikakubali. Bila shaka ananiogopa.

Alhamisi, 20 Machi
Utafiti umeanza! Mabanda mawili safi. Upande wa kushoto mwarobaini, wa kulia maji matupu. Nimebandika ilani kwa herufi kubwa: KUKU HAWA WASIGUSWE NA YEYOTE. Gicheru ajiandae. Uholanzi wajiandae.

Saa kumi Mchungaji amepiga simu. Anakuja jioni kunifariji. Wavinya akauliza tutampikia nini, macho yake yakiwa kwenye ilani.

Nimelifikiria jambo hili kisayansi. Wa kushoto wameshakunywa dawa, hao hawaguswi kabisa. Wa kulia wanakaa tu. Nimemwambia achukue wawili, wale wanono.