Jezi Zilizosimama Zenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Tulifungwa tena juzi. Tatu bila. Mechi ya nne mfululizo, na timu ni ile ile iliyoshinda kumi na moja bila kupumua. Nilikaa kwenye benchi na chupa zangu za maji nikawatazama vijana wakitembea uwanjani kama watu waliodondosha funguo. Upepo, winga wetu, alipokonywa mpira akasimama kuangalia kiatu. Nahodha aliinama kufunga kamba wakati tunafungwa goli la pili. Kamba zile nilizifunga mimi mwenyewe. Fundo langu halijawahi kufunguka tangu niwe mtunza vifaa wa timu hii, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili.

Leo asubuhi mwenyekiti ameitisha kikao kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kauliza swali moja tu: nani wa kulaumiwa? Kila mtu anaangalia vidole vyake vya miguu. Kisha Kitasa, kipa wetu, akasema glavu zinateleza siku hizi, labda ni sabuni. Upepo akasema jezi inambana kwapani. Mshambuliaji akasema soksi zinawasha. Vichwa kumi na vinane vikageuka pamoja kuelekea mlango wa chumba cha kufulia. Mlangoni nilikuwa nimesimama mimi, na kapu.

Mwenyekiti alisema timu ikifungwa tena Jumamosi, mhusika atafungasha virago. Hakunitaja. Alinitazama tu mpaka kapu likanitoka mikononi.

Nilipaswa kushika tama. Badala yake tangu saa sita nazunguka kati ya mashine na sinki, mwili wote unasisimka. Maana nimelifikiria jambo hili kwa kina. Kama ni mimi niliyewafungisha mechi nne, je, zile kumi na moja alizishinda nani?

Mungu wangu. Ni mimi!

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka nikaitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Mikono ya kawaida. Kidole gumba kimoja kimechubuka kwa sababu ya brashi ya viatu. Na kumbe ndiyo iliyokuwa inapeleka mpira wavuni! Miaka yote hii nimekuwa nikiustaajabia mguu wa kushoto wa Nahodha. Akiupiga mpira kwa mguu ule, uwanja mzima unasahau kupumua, nami huwa najisikia mdogo kama mfuniko wa soda. Leo kapita akanisalimu kwa adabu, nikamwitikia kama mtu na mwenzake.

Mazoezi yamekwenda vizuri sana kwa upande wangu. Upepo alipiga krosi sita nje, akamwonyesha kocha mkono wa jezi. Kocha, badala ya kumkimbiza mizunguko, kamtuma kwangu. Nikampokea kwa heshima. Kufika saa tano foleni ilikuwa imefika bafuni. Kitasa alinieleza goli alilofungwa mwezi uliopita, hatua kwa hatua, akanipigapiga begani, akasema anajua sikukusudia. Walinivisha kilemba cha ukoka nami nikakikaza vizuri kichwani. Mazoezi yalikatishwa nusu saa kabla ya wakati, kwa kuwa hapakuwa na mchezaji aliyebaki na kosa la kurekebisha.

Nilimsimulia mke wangu. Yeye ni mpiga pasi hotelini, mambo yote ya dunia huyasikiliza huku pasi ikitembea. Alisema tangu picha za wale vijana zipandishwe kwenye bango kubwa pale njia panda, hawakimbii tena, wanapozi. Kisha akasema, "Baba watoto, jezi haina miguu."

Nilimweleza kwamba mpira una ufundi wake, hauwezi kueleweka kutoka kwenye meza ya pasi. Alicheka. Sikuona kilichomchekesha.

Jumatano, 6 Machi

Nimesalitiwa!

Mchua misuli amekwenda kwa mwenyekiti asubuhi na mapema akakiri kwamba yeye ndiye chanzo cha timu kuporomoka. Eti dawa yake mpya ya kuchulia imelegeza misuli kupita kiasi. Eti mikono yake ina nguvu ambazo hata yeye mwenyewe zinamtisha. Mtu huyu nimekaa naye benchi moja miaka tisa. Tunagawana mwavuli mmoja mvua ikinyesha. Sasa anataka kuninyang'anya mechi nne, na nyuma ya zile nne anazinyemelea kumi na moja. Naona vizuri sana anakoelekea. Ni kijicho tu.

Nilikimbia hadi ofisini na ndala. Nikamwambia mwenyekiti asimsikilize, timu nimeiharibu mimi, peke yangu, bila msaada wa mtu. Mchua misuli akasema huwezi kuharibu timu kwa soksi. Nikamuuliza yeye na mafuta yake ya kunuka alifungisha nini, hata penalti moja? Mwenyekiti alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema katika uongozi wake wote hajaona wafanyakazi wawili wakigombea kufukuzwa. Kisha alitutoa nje na kutuambia tusimrudie na ujinga huo.

Wachezaji walikuwa nje wanacheka na simu zao. Nahodha peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, ananitazama, kisha akayashusha macho. Nadhani ameanza kuniogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata siri.

Ilikuwa hivi. Msimu ulipoanza, bomba la chumba cha kufulia lilikuwa limepasuka. Kwa hiyo jezi zote nilizifulia nyumbani, uani, kwenye ndoo ya mke wangu. Na ndoo ile ndiyo anayokorogea wanga wa kukazia vitambaa vya meza za hotelini, vile vinavyokunjwa vikasimama mezani kama kofia. Haisuguliki ikatakata kabisa. Kila jezi ilikuwa inaondoka na wanga kidogo. Kumi na moja tukashinda. Bomba likatengenezwa, nikarudi kwenye mashine. Nne tukafungwa. Wiki ile ile! Mke wangu anasema ndiyo wiki lilipopandishwa bango. Anapenda sana habari ya bango.

Mabaki ya wanga tu, uchafu wa chini ya ndoo, yametupa ushindi kumi na moja. Ndoo nzima ya wanga mzito itatupa nini? Ilinibidi nikae chini. Kuna vitu mtu hapaswi kuvijua akiwa amesimama.

Mchua misuli kaniona natabasamu, kaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeanza kazi jua lilipochomoza. Nimechemsha wanga mfuko mzima kwenye sufuria kubwa, nikaukoroga kwa mpini wa ufagio mpaka ufagio ukasimama wenyewe. Jezi zetu ni zile za zamani za pamba nzito, zinakunywa kama ardhi kavu. Nikazitumbukiza zote. Nikasema moyoni, Jumamosi hii wataona.

Mke wangu alirudi mchana akauliza mfuko wa wanga wa hotelini uko wapi. Nikamwambia uko kwenye kamba, unakauka. Alitoka uani akazitazama jezi. Upepo ulikuwa unavuma lakini hazikutikisika hata moja. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefikiria tutakwenda wapi mwenyekiti akiniondoa. Nikamjibu haitafika huko. Akasema miaka ishirini na mbili nimewafulia vijana wa watu na sijamwona hata mmoja akinitetea. Lile neno lilinichoma. Nikajifanya nahesabu vibanio.

Kuzikunja imeshindikana. Nimezipanga kwenye mkokoteni, moja juu ya nyingine, nikazisukuma hadi uwanjani. Jirani kaniuliza naezeka wapi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika haya nikiwa bado na wanga shingoni. Nitajaribu kwenda polepole.

Jezi hazikukubali kutundikwa. Kwa hiyo asubuhi nilizisimamisha sakafuni katika chumba cha kubadilishia nguo. Zilisimama! Kipa nyuma, mabeki wanne, viungo, Upepo pembeni, mshambuliaji mbele. Kumi na moja, mikono wazi, shingo wazi, hakuna mtu ndani. Mimi mwenyewe niliyezitengeneza nilirudi nyuma mpaka ukutani. Nilivua kofia, sijui kwa nini.

Wachezaji waliingia wakipiga kelele kama kawaida yao. Wa kwanza akanyamaza. Wa pili akanyamaza. Mwishowe wote kumi na wanane wamejipanga mlangoni, hakuna anayethubutu kukanyaga ndani. Mwenyekiti alikuwa nyuma yao, na macho yake yalinitafuta mimi. Nikajua kazi imekwisha. Hata mchua misuli, nitasema ukweli, alinionea huruma, alikuja akasimama karibu yangu.

Nahodha ndiye aliyeingia. Alizunguka jezi zile polepole, moja moja, akafika kwenye yake. Akaigusa bega. Ikalia kama mlango mkavu. Akageuka kwa wenzake.

"Hizi ndizo zilizocheza mechi nne zilizopita," alisema. "Sisi hatukuwemo ndani."

Hakuna aliyecheka. Akasema siku ile ya goli la pili kamba zake hazikuwa zimefunguka. Alikuwa amechoka kwa sababu hakufanya mazoezi wiki nzima, akaona aibu kuonekana amechoka, ndiyo akainama. "Mzee wa Jezi alizifunga vizuri," alisema akinionyesha. "Nimemwacha abebe lawama yangu tangu Jumatatu, na ninamjua tangu naingia hapa nikiwa sina hata kiatu."

Kitasa akasema glavu hazitelezi, ila yeye huwa anaangalia kama kamera iko upande wake. Upepo akavuta tumbo ndani, akasema jezi ni ile ile, amenenepa yeye. Mshambuliaji akasema soksi haziwashi. Walikiri mmoja baada ya mwingine, wanaume wazima wanaotazamwa na mji mzima, macho chini, sauti ndogo. Katika miaka ishirini na mbili nimeona magoli ya kutoka katikati ya uwanja, nimeona kipa akidaka penalti kwa kisogo. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile.

Nahodha akamwambia mwenyekiti kwamba kama leo kuna wa kuondoka, aanze na yeye. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema mechi inaanza baada ya dakika arobaini.

Nilitaka kupinga. Walikuwa wananipokonya lawama yangu mchana kweupe. Lakini tayari walikuwa wanazibeba jezi.

Jezi ilibidi wazipige ukutani ndipo ziingie. Waliingia uwanjani wakilia kwa-kwa-kwa, mashabiki wakasimama kutazama. Halafu wakaanza kukimbia. Wote! Upepo alirudi kukaba, jambo ambalo nilidhani miguu yake haina ruhusa ya kulifanya. Kipindi cha pili jasho likauyeyusha wanga, jezi zikageuka uji, kila mpinzani aliyemshika mtu wetu alibaki na kamasi mkononi. Matokeo yakawa moja moja. Dakika ya mwisho Nahodha aliuchukua mpira kwenye eneo letu, akakimbia, akakimbia, akapita watu watano, na mguu ule wa kushoto ukafanya kazi yake. Nilisikia watu elfu kadhaa wakisahau kupumua. Mbili moja.

Mimi na mchua misuli tulikumbatiana tukalia. Kwa uji tuliopakwa na vijana tuligandana kidogo, ikabidi tutenganishwe.

Jumatatu, 11 Machi

Mwenyekiti amesema nitaendelea na kazi yangu. Mke wangu alipopata habari alikaa kitini, pasi ikaunguza kitambaa kimoja, mara ya kwanza tangu nimwoe. Akasema, haya, yupo mmoja aliyekutetea.

Saa nne Nahodha alikuja chumba cha kufulia peke yake. Akafunga mlango. Akaniomba radhi kwa niaba yake na wenzake, akasema yale ya sabuni na soksi hayatarudiwa. Wameomba bango lishushwe. Mazoezi sasa yanaanza saa kumi na mbili asubuhi, na wameanza leo. Kisha akanishika mkono, ule wenye kidole kilichochubuka, akaniambia, "Mzee wangu, haikuwa jezi. Ilikuwa sisi."

Nilitikisa kichwa kukubali. Machozi yalinilenga, siwezi kukataa. Kijana mwenye heshima namna ile hupati kila siku. Nilisikiliza hatua zake mpaka zikaisha kwenye korido.

Halafu nikafunga mlango kwa komeo na kuvuta mifuko miwili kutoka chini ya meza. Wiki ijayo tunacheza na vinara wa ligi. Mfuko mmoja hautoshi. Na safari hii naingiza na kaptura.

Jambo moja tu linanikera. Mke wangu anasema mchua misuli alipita hotelini asubuhi, akaomba kikombe cha wanga, eti wa kuchanganyia dawa. Mwizi mkubwa. Nimemwambia mke wangu asimpe hata kijiko.

Nahodha sikumwambia kitu. Maskini, anaamini ni miguu yake, na nimeona nimwache aamini hivyo.