Walinzi Watatu Ndani ya Kompyuta Moja ya Makambako

Obed, mlinzi wa nje,
Steshenari ya Mama Feliciana,
Jirani na stendi, Makambako.
Jumatano, baada ya kukabidhi funguo.

Kwa Mama Feliciana,
Nyumbani, Njombe mjini.

Mama, kamwene. Shikamoo.

YAH: WALINZI WENZANGU WALIOMO NDANI YA KOMPYUTA

Samahani kwa mwandiko. Nilitaka barua hii ichapwe, ila hiyo ndiyo shida yenyewe. Ningeweza kupiga simu, lakini unanijua, mimi kwenye simu nasema ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka unakata, halafu ndiyo nakumbuka nilichopigia. Kwenye karatasi naenda polepole na hamna mtu ananiangalia.

Kwanza nashukuru kwa lile koti. Upepo wa huku unaujua.

Sasa mama, tukumbushane ilivyoanza. Mwalimu wa kwaya alileta flashi akitaka nyimbo, na flashi ikaleta virusi. Mafaili yote yakageuka, jina lipo, ukibonyeza hamna kitu. Mitihani ya shule, ratiba za mazishi, kadi za harusi, vyote. Ukaja mwenyewe kutoka Njombe na fundi Filemoni, ukamwambia aweke antivairasi. Akaweka. Ukamuuliza, na huyu akisinzia? Filemoni akasema hawa hawasinzii. Ukasema kila mlinzi anasema hivyo, halafu ukageuka ukaniangalia mimi. Sikukasirika. Ukaagiza iwekwe ya pili ya kumwangalia wa kwanza, na ya tatu ya kuwaangalia hao wawili, kama unavyofanya kule Matembwe kwenye mbao zako: mlinzi mmoja wa ukoo wa Baba, mmoja wa ukoo wako, na mmoja wa kuletwa na kanisa, ili wasipatane kuiba. Kwenye mbao imefanya kazi, hata ubao mmoja haujapotea. Kwenye kompyuta, mama, naomba nieleze malalamiko yangu kwa namba.

1. Hawana zamu. Mimi naingia jua likizama na asubuhi namkabidhi funguo Judith, mchapaji wako. Hao wanaamka Judith akiwasha mashine, wakati ambapo mlinzi yeyote mwenye akili anaenda kulala. Wanaanza kukagua kila kitu tangu mwanzo, feni inalia kama mashine ya kusaga, na kwenye kioo kinakuja kile kiduara kinachozunguka. Mwalimu amesimama na mitihani yake, mama mwingine ameleta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, wote tunaangalia kiduara. Kuna mzee aliuliza kama ni televisheni.

2. Wanakamatana wenyewe. Judith alijaribu yote. Alizima akawasha. Alifuta vumbi. Aliihamisha kutoka dirishani akidhani ni baridi, akaifunika kitenge, ikapata joto ikazima yenyewe. Alifuta picha za harusi za watu walioshaachana. Wapi. Ndipo akaja Filemoni, akafungua, akachungulia. Akatuambia faili likiingia, wa kwanza analidaka alikague. Wa pili anaona mwenzake ameshika kitu, anamshuku, anamdaka yeye. Wa tatu anawadaka wote wawili. Yaani wako mlangoni watatu wamekunjana mashati, na mteja yuko nyuma yao. Filemoni akasema wawili watolewe. Ukapigiwa simu, ukasema hapana, ukitoa wawili huyo mmoja atafanya anavyotaka, na ukitoa mmoja hao wawili watapatana. Mimi hukuniuliza.

3. Hawana adabu. Printa ile iko pale tangu steshenari ifunguliwe, wao wanasema ni kifaa kisichojulikana. Judith kila akifungua kitu anaulizwa ana uhakika, akisema ndiyo anaulizwa tena na mwingine. Na mmoja wao kila saa anatokea pembeni ya kioo anadai mkataba wake unakwisha, aongezewe, mbele ya wateja. Mimi mkataba wangu uliisha mwaka jana, mama. Umewahi kusikia natokea pembeni?

4. Hapa ndipo penye maumivu yangu mwenyewe. Shangazi Ema alinitafutia mchumba Matembwe, anaitwa Idda. Mimi nilimwona mara moja, siku ya sikukuu ya mavuno, alikuwa ameshika jogoo wa mnada nje ya kanisa. Hatukuongea. Jogoo alikuwa anapiga kelele. Baba yake, mzee Yonathani, ana masharti: barua ya posa iwe ya kuchapwa. Ya mkono alishairudisha ya kijana mwingine, akasema kwa mkono watu huandika kuomba chumvi. Mshenga wangu, mzee Amon, ameshanyoa ndevu anasubiri. Na tumesikia kuna dereva wa lori la mbao ambaye barua yake imeshafika, imechapwa Njombe, kwenye kompyuta yenye mlinzi mmoja tu. Jumapili hii mzee Yonathani anajibu. Barua isipofika mpaka Jumapili, Idda ni wa lori.

Basi Judith akanichapia. Alipotaka kusevu, wa kwanza akaikamata barua yangu akaiweka karantini, na kioo kikaandika kwa rangi nyekundu kwamba ni tishio. Judith akanitazama akaniuliza kwa sauti ndogo nina nia gani na huyo mzee. Akachapa tena. Wa pili akaifuta kabisa. Tangu hapo kila asubuhi nikimaliza zamu siendi kulala, nakaa kwenye kiti cha wateja, tunaanza upya. Mimi natamka, yeye anachapa, mashine inasimama, tunangoja. Tulifika kwenye "mimi ni kijana mpole" ikasimama. Judith akauliza, mpole vipi? Mama, ukikaa na mtu mmoja mbele ya kiduara muda wote huo huwezi kunyamaza, ni kama dharau. Ikabidi nieleze. Ilipofika "nina kazi ya kuaminika" ikasimama tena, ikabidi nieleze na usiku wa huku ulivyo, na nyota, na yule mbwa wa kinyozi ninayemgawia ugali. Siku hiyo niliongea kuliko nilivyoongea tangu Krismasi, na barua ilikuwa na mistari miwili.

Judith naye anakosa raha, mama, na wewe hujui. Inabidi aje na chupa ya chai kubwa siku hizi na viazi vya kuchemsha vya watu wawili, kwa sababu hajui mashine itasimama saa ngapi. Anapocheka anaziba mdomo. Sweta lake la bluu kifungo cha tatu si cha bluu, ni cheusi. Hayo nimeyaona kwa kuwa kuona ndiyo kazi uliyoniajiri.

5. Ili uelewe mateso haya, juzi nilibaki mchana nikalinda mlango kwa namna yao. Kila mteja nilimsimamisha. Anatoka wapi, amekuja na nini, ana uhakika? Aliyetoka kupokea simu akarudi, nilimuuliza upya kama simjui. Kinyozi jirani, ambaye tunachangia moto wa mkaa kila siku, nilimwambia hajulikani. Katekista Fidelis alikuja kutoa kopi ana mfuko wa maandazi. Nilimweka yeye kwenye benchi na maandazi kwenye benchi la pili, mpaka uchunguzi uishe. Akala ya kwake kwa macho tu. Nilimwomba radhi, akasema atamuuliza paroko nimepatwa na nini. Mpaka mchana steshenari ilikuwa salama kabisa, maana hapakuwa na mtu.

Judith akatoka akasimama mlangoni, akaangalia barabara yote, akasema, "Obed, sasa tumebaki mimi na wewe. Nani anamlinda nani?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Kwa hiyo mama, kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

(a) Walinzi wawili watolewe. Wachague wenyewe nani abaki, wanapenda kukaguana.

(b) Huyo mmoja aingie usiku kama mimi, akague akiwa peke yake, na asubuhi akabidhi.

(c) Kama (a) na (b) ni ngumu, basi tubadilishane. Wao wapewe makoti waje nje, mmoja getini, mmoja bati la nyuma, mmoja chooni, wakamatane huko kwenye upepo. Mimi niwekwe ndani kwenye kompyuta mchana. Namjua Judith, naijua printa, na wewe mama siwezi kukuuliza kama una uhakika. Nimeshaangalia: kwenye meza ya Judith inaingia kiti cha pili, ukisogeza ndoo ya karatasi kidogo.

Naomba jibu kabla ya Jumapili, kwa sababu ya lori.

Unisalimie Baba na mguu wake, Kristina na watoto, na fundi Filemoni umwambie ile bisibisi yake iko kwangu salama. Walinzi wa mbao Matembwe ukienda uwaambie nawaheshimu.

Ni mimi kijana wako, nisiyehitaji kuwashwa wala kuzimwa,

Obed

Nyongeza, Alhamisi: Mama, barua hii nilimpa Judith aisome kabla sijaipeleka kwenye basi la Njombe, anirekebishie makosa. Alikaa muda mrefu kama mashine, nikajua amesimama. Alipofika kwenye kifungo cha sweta akakishika. Halafu akasema, "Ya Matembwe sichapi tena. Ukitaka ya Mlangali, nitakuchapia." Mlangali ndiko kwa baba yake. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena, akacheka na hakuziba mdomo.

Shangazi Ema nimeshamwambia. Akauliza kama huyo wa Mlangali anajua kulima, nikasema nitamwuliza, muda tunao. Na tena kumbe Idda barua ya lori alishaisoma siku nyingi na akafurahi, mimi tu ndiye nilikuwa sijui. Baba yake Judith ni Mkatoliki na sisi ni Walutheri, kwa hiyo barua itakaguliwa pande zote mbili. Nimeshazoea.

Basi mama, yale niliyoomba juu kwa (a), (b) na (c), naomba uyaache. Usitoe hata mmoja. Na kama fundi Filemoni ana wa nne, amlete. Tumeanza leo asubuhi, tumefika kwenye "Mzee, shikamoo," na kiduara kinazunguka, na Judith anamimina chai.