Mstari wa Jirani Uliopanda Bila Adabu

Kwako Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo ofisini, wewe na wachoraji wako. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi iliyo karibu na mpaka, baba wa binti mmoja na babu wa mjukuu mmoja. Naandika kulalamikia mchoro mlioutoa Jumapili, unaokadiria ni watu wazima wangapi watakuwa wamemaliza sekondari ifikapo mwaka 2060, kwetu na kwa majirani zetu. Leo tumewazidi kidogo. Halafu, bila kuomba ruhusa, mstari wao unaukata wetu na kupanda kama paka aliyefukuzwa na mbwa. Wetu umebaki umejinyoosha kama mtu aliyeshiba mchana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchoro umenivunjia heshima ugenini. Binti yangu, mwalimu wa hesabu, ameolewa upande wa pili wa mpaka. Jumapili hiyo nilikwenda kuwatembelea, nikamkuta mkwe wangu, baba wa mume wake, ambaye ni kinyozi, ameshaubandika mchoro wenu juu ya kioo. Wateja wake sasa wanamwita Bwana Takwimu. Alinikalisha kitini, akanifunga kitambaa shingoni, akasema, “Mkwe, inua kichwa kidogo uone tunakokwenda.” Mtu mwenye nusu ya ndevu hana pa kukimbilia.

2. Hamkueleza sababu. Msomaji anaweza kudhani majirani wanapanda kwa akili zao. Wanapanda kwa walimu wetu! Binti yangu alikaa nyumbani akisubiri kupangiwa shule mpaka akaogopa kutoka nje, maana kila jirani alimsalimia kwa “bado tu?” Wale wa upande wa pili wakampa darasa, nyumba na chaki wiki ileile. Huo ni uvunjaji wa utaratibu. Sisi humsubirisha mwalimu ili akifika kazini awe ameiva kwa subira. Naomba ahesabiwe upande wetu, pamoja na watoto wote anaowafundisha, na mstari utanyanyuka wenyewe.

3. Mmepuuza juhudi zetu. Shuleni kwangu madarasa mawili yanatumia chumba kimoja, yamepeana mgongo, kila moja na ubao wake. Mtoto anajifunza kujumlisha kwa sikio la kulia na historia kwa sikio la kushoto. Niambie, ni nchi gani nyingine inayotoa masomo mawili kwa mpigo? Lakini kwenye mchoro wenu mtoto huyo amehesabiwa mara moja tu.

4. Mmenigombanisha na wangu. Niliapa palepale kwa kinyozi kwamba mjukuu wetu ataanza shule upande huu, kwenye shule yangu. Binti yangu akasema, “Baba, usimfanye mtoto awe jibu la gazeti.” Nikamjibu kwamba mtoto ni wa ukoo, si wa mchoro. Hatukuagana vizuri. Hata hivyo aliniruhusu nije na mtoto nimwonyeshe shule. Nilivaa koti, nikampitisha darasani mwenyewe. Mjukuu wangu akasimama katikati ya chumba, akatazama mgongo huu na mgongo ule, akaniuliza kwa heshima zote, “Babu, mimi nitamsikiliza nani?” Mwalimu wa kwanza akanitazama. Wa pili naye akanitazama. Nikasema kengele imelia, twende. Shule yetu haina kengele.

5. Kwa hiyo naiomba Serikali, kupitia ukurasa wako, ichukue hatua za ujirani mwema. Kwanza iwasihi majirani wapunguze mwendo. Wafunge shule kupisha semina, kama tufanyavyo sisi. Wakikaidi, tuwaazime kamati yetu ya mitaala, ile inayobadilisha vitabu kabla havijafika shuleni. Naahidi mstari wao utatulia. Hilo nalo likishindikana, mpaka usogezwe ili shule anayofundisha binti yangu iingie nchini mwetu. Si mbali, na kinyozi anaweza kuachwa nje.

Mwaka 2060 mimi sitakuwepo, Ndugu Mhariri. Mjukuu wangu atakuwepo, mtu mzima, amehesabiwa kwenye mstari mmojawapo. Jambo hili limenikosesha hamu ya chakula, ingawa sababu rasmi ya barua hii ni heshima ya taifa.

Nisalimie wachapaji, wahariri wadogo na mlinzi wa getini. Nisalimie hasa aliyeuchora ule mstari. Mwambie sina kinyongo naye, ni mkono wake tu haukutulia.

Ni mimi, mwenye uchungu na nchi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule

Nyongeza: Tafadhali usiichape barua hii Jumatatu, maana mkwe wangu husoma gazeti lote, hata matangazo ya vifo. Jumatatu nampeleka mjukuu kuanza darasa la kwanza, upande ule. Nilimpigia mama yake simu mwenyewe. Akasema, “Baba, njoo mapema. Nimeshawaambia watoto wa darasani kwangu kwamba babu anakuja.” Na kama mchoraji wako bado ana wino, mstari wa majirani aupandishe kidogo tu, kiasi cha mtoto mmoja.