Kiti Changu cha Kando ya Dereva

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Mkuu wa kituo ametangaza kipimo cha pumzi kwa kikosi kizima cha zimamoto, Alhamisi na Ijumaa. Baiskeli isiyokwenda popote, kila dakika mbili uzito unaongezwa. Asiyefika hatua ya sita anashuka kwenye gari la moto na kuhamia chumba cha simu. Kiti cha kando ya dereva ni changu mwaka wa kumi na nne sasa! Anayekimezea mate ni shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana mwenye kifua kama kabati. Na kazi hii nilimwombea mimi mwenyewe. Najuta.

Muuguzi aliyeleta baiskeli ametueleza. Mwili una akiba tatu za nguvu. Ya kwanza iko tayari ndani ya misuli, inalipuka papo hapo, na baada ya sekunde kumi hivi imekwisha. Ya pili inachoma sukari bila kungoja hewa: dakika moja au mbili, kisha mapaja yanawaka. Ya tatu ni ya polepole, inataka hewa, inachoma mafuta na sukari, inadumu hata saa nzima. Zote zinafanya kazi pamoja, ila mzigo ukizidi, mafuta yanarudi nyuma na sukari inashika usukani. Wenzangu walipiga miayo. Mimi niliandika kila neno.

Jumanne, 4 Machi

Kama sukari ndiyo dereva, nijaze tangi. Nusu kilo kwenye jagi la maji, nimemaliza lote kabla ya kwenda kazini. Mke wangu aliuliza kama nimeanza kufuga nyuki tumboni.

Mazoezi: kuzunguka uwanja. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, tumbo likaanza mambo yake. Wa tatu nimeumalizia chooni. Shemeji amebisha hodi mara mbili kuuliza kama niko hai. Mnafiki mkubwa!

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kwenye daftari. Muuguzi alisema ukipumzika kama dakika tatu, ile akiba ya kwanza inajaa tena. Sasa hizo nyingine mbili za nini?

Mnara wa mazoezi, ghorofa tatu, mpira wa maji begani. Sekunde kumi mbio, dakika tatu nimekaa kwenye ngazi. Sekunde kumi, dakika tatu. Nimefika juu bila tone la jasho. Dakika kumi na tisa. Mkuu akauliza, mbele ya watu, kama moto nao utakuwa umekaa kwenye ngazi unanisubiri. Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuja kuuliza kulikoni. Nami nikacheka, cheko la kuficha aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata! Leo wamepimwa nusu ya kikosi, shemeji akiwemo, nami nikachungulia dirishani. Muuguzi haangalii miguu, anasikiliza! Kila baada ya dakika mbili anamtaka mtu aseme sentensi ndefu. Anayeimaliza bado ana hewa ya kutosha. Anayekatakata maneno, ile akiba ya pili imeshamwingilia na mwisho hauko mbali. Shemeji amefika ya nane, maneno yakimtoka moja moja. Moja moja! Mimi kwetu watu huongea hata wakiwa usingizini.

Jioni nimejinoa: orodha ya vifaa vyote vya gari kwa pumzi moja, nikiwa nimejilaza kwenye kochi. Mke wangu amesema baiskeli inaendeshwa kwa miguu. Anamtetea ndugu yake.

Ijumaa, 7 Machi

Hatua ya kwanza, niliongea. Ya pili, nilitania. Ya tatu, nikamsimulia muuguzi moto wa kwanza niliouzima ujanani. Akanitazama kwa heshima, nikadhani.

“Wewe unaongea kama uko sebuleni,” akasema. “Hebu turuke hadi ya tano.”

Ningekataaje? Shemeji alikuwa mlangoni. Sekunde kumi za mwanzo nilikuwa simba. Baada ya hapo mapaja yakawaka, koo likakauka, ukuta ukaanza kuyumba. Muuguzi akaniuliza jina langu. Nikatoa silabi moja, na haimo kwenye jina langu. Wameniteremsha watu wawili, mmoja kila kwapa. Wa kulia alikuwa shemeji.

Muuguzi amesema hata angenipandisha polepole nisingefika. Dawa ni kutembea nusu saa kila siku, kwa mwendo wa mtu anayeweza kupiga soga, ili ile akiba ya tatu ikue. Baada ya miezi mitatu nitapimwa tena.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba cha simu. Saa nne asubuhi simu ikalia: ghala la magodoro linawaka. Nimeandika mahali, nimebonyeza kengele kwa kidole changu mwenyewe, gari likatoka na shemeji kwenye kiti changu. Imeniuma, jamani. Nilisimama dirishani mpaka king'ora kikapotea.

Wamerudi wazima wote. Shemeji akaja moja kwa moja kwangu, masizi usoni. Akasema kiti ni changu, yeye anakishikilia tu, na kila asubuhi atakuja tutembee nusu saa huku tukiongea mpaka nipimwe tena. Nikampa kitambaa changu ajifute. Mimi!

Baadaye nimetafakari kwa makini. Dawa yenyewe ina kazi mbili, kutembea na kuongea, na sisi tuko wawili. Nimemkubalia. Kesho asubuhi yeye atazunguka uwanja, mimi nitakaa kwenye benchi niongee.